Shati la Kukulia

Shati la shule la mpwa wangu halina upindo. Ningeomba msomaji asilipite jambo hili haraka kama walivyolipita wazazi wenzangu kwenye mkutano wa shule kule Mikumi, waliokuwa na hamu ya kufika kwenye ajenda ya chakula. Ligeuze shati hilo ndani nje, chungulia chini, pembeni, kwenye mikono. Kitambaa kimekunjwa upana wa kamba ya kiatu, kikapigwa mshono, basi. Mtoto akiongezeka kidogo tu, shati limekwisha. Na mtoto huongezeka. Ndiyo kazi pekee anayoifanya bila kusimamiwa.

Najua kuna mambo makubwa zaidi ya kukasirikia. Chuo kikuu nilifundishwa kukasirikia mambo makubwa, na kwa miaka mingi nimeyakasirikia kwa aya ndefu ambazo hazijamsumbua mtu yeyote. Hasira ya upindo ni nyingine. Hii nimerithishwa na fundi wa mashati wa Kilosa, ambaye sitamtaja jina kwa sababu hata sisi hatukulitumia. Aliitwa Fundi. Mji ulikuwa na mafundi wengine, lakini wale walitajwa kwa majina yao au kwa maduka waliyokaa mbele yake. Ukisema Fundi ukanyamaza, ni yeye.

Alikaa kwenye baraza la duka la vitambaa, upande wa kuelekea stesheni, na cherehani ya miguu iliyolalamika kuliko wateja. Alishona mashati ya wavulana tu. Suruali aliijua, magauni aliyajua, akakataa vyote. Mtu mzima akija na kitambaa chake kwapani, Fundi alimtazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu, kisha akamwuliza, "Wewe umeshafika, sivyo?" Maana yake, umemaliza kukua. Mtu akikubali kwamba kweli amefika, alielekezwa kwa fundi wa jirani. Yeye, alisema, anawashonea walio njiani.

Ungedhani basi aliwapenda wavulana. Hakuwavumilia hata kidogo. Aliyesogelea meza yake alipigwa vifundo vya vidole kwa rula ndefu ya mbao, na aliyepiga kelele barazani alifukuzwa kama kuku. Alidai kwamba tunanuka beberu, na kwamba Mungu alituumba ili kuijaribu mishono. Alikuwa mtu wa namna hiyo: kila alichokisimamia, yeye mwenyewe alikivunja. Shati lake halikuwa na vifungo. Lilishikwa kifuani na pini. Mkewe alivaa magauni yaliyoshonwa na yule fundi wa jirani, na alipita nayo mbele ya baraza bila haya. Mitumba aliitukana tangu asubuhi, lakini baridi ya mwezi wa sita ilipoingia alitokeza na koti la mnadani lenye kola ya manyoya, na ukimwuliza alikujibu kwamba anauchunguza mshono wake.

Majigambo yake nayo hayakuwa na kiasi. Alisema anaweza kumtazama mtoto wa darasa la kwanza akamwona atakavyokuwa darasa la saba, na alisema hivyo mbele ya wateja aliokuwa amewakosea. Kwa sababu alikosea, tena mara nyingi. Mwana wa mwoka mikate alirudi kutoka likizo shati limeishia kitovuni. Fundi hakuomba radhi. Alimshutumu mama wa mtoto kwamba kuna mjomba mkubwa zaidi amemficha.

Hapo kwenye mjomba ndipo penye Fundi hasa. Kwetu mtoto huhesabiwa kwa mama yake, na mjomba ana neno juu yake ambalo baba hana. Fundi aliichukua desturi hiyo akaipeleka mpaka kwenye mkasi: hakati shati kabla hajamwona mjomba. Mama akifika na mtoto na kitambaa, Fundi, bila kuinua macho, aliuliza, "Mjomba yuko wapi?" Aliamini kwamba mtoto huchukua mabega ya mjomba wake, na kwamba kumpima mtoto mwenyewe ni kupima kitu ambacho mwakani hakitakuwepo. Mtoto alimpima kwa kumtazama tu. Mjomba alimpima kwa utepe.

Akina baba walidhalilika sana pale barazani. Nakumbuka karani mmoja wa reli, mtu wa tai, aliyejitolea mabega yake mwenyewe. Fundi alimwambia kwamba kununua kitambaa amefanya vizuri, ahsante, sasa aende akamlete shemeji yake. Familia zilizohamia kutoka kanda ya ziwa na ng'ombe wao hazikumwelewa kabisa. Baba mmoja alimweleza kwa upole kwamba kwao mtoto ni wa baba, na kwamba mjomba mwenyewe yuko mbali, si mtu wa kuitwa kwa ajili ya shati. Fundi akamrudishia kitambaa chake. Yule bwana akazunguka mji, akarudi jioni na picha ya shemeji yake. Fundi akaipima picha kwa rula, kisha akataka kujua yule aliyesimama pembeni ya mjomba ana urefu gani. Na mfugaji mwingine, aliyemleta mwanawe kutoka mbugani amejifunga shuka ili ashonewe shati lake la kwanza la shule, alipoulizwa mjomba aliondoka kimya, akarudi na kundi la wanaume wenye fimbo, wote wajomba. Fundi aliwapima mmoja mmoja, bila haraka. Kisha akakata shati kwa mabega ya aliyekuwa mpana kuliko wote.

Shati lililotoka hapo liliitwa la kukulia. Vijana wa sasa nikiwaambia neno hili wanacheka, kwa hiyo nieleze. Shati la kukulia halikutoshi. Limeshonwa kwa ajili ya mtu ambaye bado hujawa, na wewe unalivaa ukimsubiri. Mikono inafunika vidole, unaikunja. Kola inazunguka shingo bila kuigusa. Shuleni ilikuwa lazima kuchomekea, na kitambaa kile chote, kikishaingizwa ndani ya kaptula, kilikufanya uonekane umeiba mto wa kulalia. Lakini ukitoka shuleni unachomoa, unafunga ncha mbili kiunoni, na una ghala: mapera, goroli, daftari, hata kifaranga. Mama zetu waliyafua mashati hayo kwa sabuni ya mche, wakayatia uwanga wa muhogo, wakayapiga pasi ya mkaa ambayo mara nyingine ilitema cheche na kuacha tundu dogo lenye ukingo wa kahawia. Kola ikichakaa ilifumuliwa, ikageuzwa, upande wa chini ukawa wa juu, na shati likaanza maisha mengine. Vitambaa vilikuwa vya shida miaka ile. Nimeona shati lililotokana na kanga ya bibi, na jingine la mfuko wa unga lililobaki na maandishi mgongoni hata baada ya kufuliwa mwaka mzima.

Na upindo. Upindo wa Fundi ulikuwa mpana kama kiganja. Mtoto akirefuka, nyumbani wanafumua mshono, wanashusha kidogo, wanashona upya. Sehemu iliyokuwa imekunjwa haikuwa imeona jua, hivyo ilibaki na rangi yake ya mwanzo, na kila kushusha kuliacha mstari. Mvulana akiwa amechomoa shati ungeweza kusimama nyuma yake ukasoma amekua mara ngapi. Tulitambiana kwa mistari hiyo kama askari wa tepe.

Mimi sikuwa na mstari hata mmoja. Wenzangu waliniita Stesheni, kwa kuwa wengine wote walikuwa wanapita na mimi nimesimama.

Kosa lilikuwa la mabega. Mjomba wangu wa kweli aliishi milimani Vidunda, mtu mfupi, mwembamba, aliyeshuka mara chache na ndizi zake na kupanda tena. Mama alimpenda kaka yake, lakini siku ya kunipeleka kwa Fundi hakumwita. Alizungukazunguka mji tangu asubuhi, na tulipofika barazani alikuwa na mpakia mizigo wa stesheni, jitu lenye mabega mapana kiasi kwamba likiingia mlangoni hutanguliza moja. "Huyu hapa mjomba wake," Mama alisema, na sauti yake haikutikisika. Fundi akasimama juu ya kibao kidogo, akampima, akaandika vipimo kwa chaki mezani. Mpakia mizigo alinipapasa kichwani kwa jina la ujomba na kurudi kwenye magunia yake.

Nilikulia Kilosa, lakini shati lile sikulikulia. Nililivaa tangu la pili hadi la saba, kisha wadogo zangu wakalivaa, na hata wao hakuna aliyelimaliza. Nilipokuwa namaliza la saba Fundi alinisimamisha njiani, akashika mshono wa bega ulioniangukia karibu na kiwiko, akauliza, "Bado?" Nikamwambia bado. Nilipotoka chuo kikuu, na miwani yangu mipya na maneno yangu mapya, nilipita barazani kumsalimu. Nilitegemea aulize nimesomea nini. "Bado?" akasema. Nilipooa aliuliza hivyohivyo, na mke wangu akadhani anazungumzia watoto.

Sasa nirudi Mikumi, mahali nilipoiacha hasira yangu.

Dada yangu anauza chakula kando ya barabara kuu, na mwanawe anasoma darasa la tano katika shule moja ya pale. Shule hiyo iliamua kwamba sare zote zitatoka duka moja, mashati yaliyokwisha kushonwa, yenye nembo kwenye mfuko wa kifuani, na kwamba atakayevaa la fundi hapiti getini. Dada akaniita, maana mjomba ni mimi. Nikahudhuria mkutano wa wazazi na nikasema. Nilizungumzia historia ya ushonaji nchini, nikagusia falsafa ya ukuaji, nikatumia neno "utu" mara kadhaa. Watu walinisikiliza kwa heshima. Mwenyekiti alimshukuru mzazi mwenzetu kwa mchango wake mzuri, akaomba tuendelee. Uamuzi ukapita kwa mikono mingi, mmojawapo ukiwa wa dada yangu.

"Kaka, wewe unahutubia," aliniambia tukitoka, "mimi nataka mtoto aingie darasani."

Tukanunua shati la duka. Kijana, kama vile amechokozwa, akaanza kurefuka. Kabla muhula wa pili haujaisha vifungo vya kifuani vilikuwa vinavutana, mikono imepanda, na kila akinyoosha kidole darasani tumbo linabaki nje. Siku moja mwalimu wa zamu akamrudisha nyumbani kwa kosa la kuvaa nguo inayobana. Shati la duka lao, lenye nembo yao, waliloamuru wao. Dukani dada akaambiwa saizi ya juu imekwisha, mzigo haujafika, labda muhula ujao. Mtihani wa kufunga muhula ulikuwa unakaribia, na kijana anakata vitunguu kwenye banda la mama yake akiwa kifua wazi. Nilipiga simu shuleni. Sauti ya upole ilinieleza kwamba utaratibu ni utaratibu, na kwamba kumshonea shati jingine itakuwa kumtenga na wenzake. Nilikata simu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuwa na aya ya kuandika.

Nikamchukua kijana na shati lake, tukaenda Kilosa.

Baraza la duka la vitambaa siku hizi lina kibanda cha kutuma na kutoa pesa. Fundi yuko nyumbani kwake, karibu na mto Mkondoa, amekaa kwenye kiti cha kamba na cherehani ileile mbele yake, macho yamekwisha kupata ukungu. Mkewe alitupokea, akatuletea kigoda. Kijana alitoa shikamoo yake vizuri, nami nikatoa yangu.

"Marahaba," Fundi alinijibu. "Bado?"

"Bado, Fundi."

Nikamweleza habari yote, nikampa shati. Aliligeuza ndani nje. Hakulitazama, alilipitisha vidoleni, chini, pembeni, kwenye mikono, akarudia chini kama mtu anayetafuta kitu alichokuwa na hakika amekiweka pale.

"Nani kashona hili?"

Nikamwambia ni la kiwandani, linakuja limekwisha.

"Aliyelishona aliambiwa huyu mtoto atakufa?"

Kijana aliinua kichwa. Mkewe alimkemea, asiseme maneno kama hayo mbele ya mtoto. Mimi, na elimu yangu, nilijikuta nawatetea watu wa kiwanda, kwamba ni kubana gharama.

"Sikukuuliza gharama," Fundi alisema. Alikuwa amenyoosha upindo ule mwembamba kati ya vidole gumba viwili. "Unamshonea mtoto, humwachii kitu ndani ya mshono. Basi wewe umeshaamua. Umekaa huko uliko, umeamua huyu ameishia hapa. Nani kakupa ruhusa hiyo?"

Niliyasubiri maneno hayo tangu siku ya mkutano, na nilikuwa nimeyatafuta mahali pasipo penyewe.

Akamwagiza mkewe afungue sanduku la bati, atoe kipande cha pamba nyeupe, nzito, ambacho nadhani kilikuwa kinasubiri kitu. Kisha, bila kuinua macho, "Mjomba yuko wapi?"

"Ni mimi, Fundi."

"Simama," akasema. Akanipima kwa utepe kutoka bega hadi bega, akasoma namba kwa kidole gumba. "Yaleyale," akamwambia mkewe, naye mkewe akacheka bila kujificha.

Kisha akatandaza kitambaa mezani na kuanza kukata. Nilimwona anapita pale mabega yangu yalipoishia, anaendelea, anaendelea tena. Nikamwambia kwa heshima kwamba nadhani amezidisha.

"Nakata kwa mabega ya yule mpakia mizigo."

"Yupi?"

"Aliyekuja na mama yako."

Nikaona wakati umefika wa kumwambia. Nikamwambia kwamba yule bwana hakuwa mjomba wangu.

"Najua," Fundi alisema, mkasi ukiendelea. "Yule alikuwa anakunywa chai kwa jirani yangu kila asubuhi. Na mjomba wako nilimjua. Kafupi kale, ka Vidunda, kenye ndizi."

"Sasa mbona ulikata?"

"Mama yako kazunguka mji mzima anamtafutia mwanawe mabega. Mimi nani nimwambie hayapo?"

Niliketi tena kwenye kigoda. Nilifikiria mwana wa mwoka mikate, na wajomba wenye fimbo, na ile picha iliyopimwa kwa rula. Sikujua tena ni lini alikuwa anapima na ni lini anakubali tu. Fundi alifumua mfuko wenye nembo kwenye shati la duka, akaupachika kwenye jipya, upande wa moyo, mishono midogo isiyoonekana. Kilichobaki cha shati la duka alikikata vipande akavitia ndani ya kola ili isimame. Alisema shati hilo linafaa kwa hilo tu. Upindo aliuacha mpana kama kiganja.

Kijana akalivaa. Lilimfika karibu na magoti. Alinitazama, na nikamwona Stesheni.

"Fundi," nikasema, "na kama huyu naye hatakua?"

Alikuwa anakunja utepe wake. "Wewe hukukua," akasema. "Ulikufa?"

Jumatatu nilimsindikiza kijana hadi shuleni. Alikuwa amechomekea kadiri alivyoweza, na kiuno chake kilikuwa kama cha mtu aliyeiba mto. Mwalimu wa zamu alisimama getini na fimbo yake. Alimvuta karibu, akainama, akautazama mfuko kwa makini, nembo ilikuwa nembo. Mabega yaliyokuwa yamening'inia, mikono iliyokunjwa na kukunjwa tena, hakuyatazama hata mara moja. Akampungia mkono apite.

Kijana alikimbia kama hatua kumi hivi, mkunjo mmoja ukafunguka, mkono wa shati ukaanguka na kufunika vidole. Akageuka kunitazama kama naona. Nami, nikiwa nje ya geti, nilinyoosha mabega yangu, hayohayo yaliyopo, maana mjomba ni mimi.